Magneto Chini ya Kitanda cha Kaloleni

Mwanangu Elirehema,

Tumekula pamoja, tumesali pamoja, mama yako amekufungia maandazi na ndizi za kuchoma za njiani, na mimi muda wote huo nimezungumza habari za mvua. Unanijua. Nikiwa na neno zito mdomoni nitaongea mvua mpaka watu waende kulala. Basi neno lenyewe naliandika, maana karatasi haina macho ya kunitazama.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kuvaa sweta asubuhi, wala za wasichana wa Babati. Hayo mama yako ameyamaliza, na mengine ameyarudia mara mbili. Ninalotaka kukuambia linahusu pikipiki utakayoipanda kesho asubuhi, na mikono iliyoitengeneza.

Leo mchana ulinicheka kwa sababu nilikwenda kibandani mara nne kuangalia gurudumu la mbele. Mara ya nne ukasema, "Baba, utalimaliza kwa kulitazama." Mama yako akacheka, nami nikacheka, lakini sikuwa nalitazama kwa mchezo. Kutoka hapa Akeri hadi Babati unakokwenda kuanza kazi ni safari ya siku nzima kwa chombo kidogo kama kile. Kuna vumbi la Makuyuni linaloficha mashimo, kuna udongo mweusi unaoteleza ikinyesha hata kidogo, kuna malori yasiyompisha mtu. Lakini barabara siiogopi sana. Ninachokiogopa ni kazi ya mikono yangu mwenyewe, na kama utakuwa na subira ya kusoma hadi mwisho utajua kwa nini.

Unakumbuka ilivyotufikia. Yule mzungu wa Momela alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao, nilikwenda kumtengenezea mashine ya kukoboa kahawa ili atakayeshika shamba aikute inafanya kazi. Nilipomaliza akanifungulia stoo, akasema kama kuna chuma chochote humo ninachokitaka, nichukue. Ilikuwa nyuma ya magunia, kuku wameigeuza kiota. Pikipiki ndogo ya mashindano, ya kabla ya vita, usukani umeinama chini, kiti chembamba, injini ndogo ambayo mtu mmoja angeweza kuibeba mikononi. Enzi zile vijana wa kizungu walikuwa wakishindana nazo siku za sikukuu. Tuliileta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, na njia nzima uliishika isidondoke, ukikataa hata kupokezana na mimi.

Mwaka ule wa kwanza ndio mwaka mzuri kuliko yote niliyoishi na wewe. Mimi juma zima nilikuwa mjini gereji, nalala chumba cha kupanga Kaloleni, na kila Jumamosi nikifika nyumbani nakuta umesugua kitu kipya mpaka kinang'aa. Lile tangi lilikuwa limejaa kutu ndani. Nikaja na kokoto za Mto Themi mfukoni, tukazitia humo pamoja na mafuta ya taa, tukalitikisa kwa zamu mpaka mama yako akatoka nje kuuliza tunataka kumtia wazimu au vipi. Kabureta uliifungua mwenyewe, ukaisafisha vitundu vyake kwa unyoya wa kuku. Valvu tulizisaga kwa mkono, ukizungusha kijiti viganjani kama mtu anayepekecha moto, na ulipochoka hukusema umechoka. Nilikuwa nakutazama nikijivuna kimoyomoyo, ingawa mdomoni nilikuwa nakuambia, "Bado, saga tena."

Ikabaki magneto, kile kichuma kinachotoa cheche za plagi. Bila magneto ile pikipiki ingebaki kuwa kiota cha kuku. Niliifungua mbele yako, nikaigeuzageuza, nikatikisa kichwa. Nikakuambia imekufa, waya wake wa ndani umeungua, lazima ipelekwe Nairobi ikasukwe upya. Uliniamini kwa sababu mimi ndiye fundi, na kwa sababu mimi ni baba yako.

Haikuwa imekufa, Elirehema. Wala haikwenda Nairobi. Ilikuwa chini ya kitanda changu Kaloleni, imeviringishwa ndani ya shati langu la kaki, kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Jioni ya kwanza niliyoifikisha chumbani niliizungusha kwa mkono kuijaribu, ikanipiga shoti mpaka kiwiko kikafa ganzi. Nzima kabisa. Nikakaa chini nikaipuliza mikono yangu, kisha nikaiviringisha tena ndani ya shati. Kila juma nilikuwa naitoa, naianika dirishani isiingie unyevu, halafu nairudisha mafichoni. Uone upumbavu wa baba yako: naificha isifanye kazi, na papo hapo naitunza isiharibike.

Siku moja ulikuja mjini kupeleka barua bomani, ukapita chumbani kwangu. Ulikaa juu ya kitanda kile kile, ukala chapati na chai. Ukaniuliza, "Baba, Nairobi wamejibu?" Nikakujibu bila kukutazama, "Bado. Wanasema waya haujafika kutoka Ulaya." Visigino vyako vilikuwa shubiri moja kutoka kwenye lile shati la kaki. Ulipoondoka nilishindwa kumalizia chai yangu.

Na ilikuwa miezi ile ile chama cha kahawa kilipomtafuta kijana wa kuuzunguka mlima akikagua mibuni, kijana mwenye chombo chake. Walikupenda. Walikungoja majuma sita mazima. Jumamosi baada ya Jumamosi ulinipokea pale njia panda, unanitazama mikononi kama nimebeba kitu. Mwishowe kazi ikaenda kwa kijana mwingine, na pikipiki yake ilikuwa mbovu kuliko yako. Hukumlaumu mtu. Ulisema, "Basi, ndivyo Mungu alivyopanga, Baba." Mungu hakuwa na mkono katika jambo lile. Ilikuwa kazi yangu mimi, na niliitikia amina kwa sauti.

Ngoja kidogo, nimeinuka kwenda kibandani tena.

Nimerudi. Nilidhani nimesikia harufu ya petroli, lakini tangi halivuji. Ni pua yangu tu imeshikwa na woga kama viungo vyangu vingine.

Sasa nikuambie kwa nini nilifanya vile, na usidhani najitetea. Unamjua baba yako mdogo Anaeli akiwa na fimbo. Tangu upate akili umemwona hivyo, mguu wa kulia umepinda gotini, na umesikia kwamba alianguka na pikipiki ya gereji kwenye mteremko wa Usa kwa sababu mbwa alikatiza barabara. Habari hiyo ya mbwa niliitunga mimi.

Anaeli alikuwa na miaka ishirini na mbili, na hapakuwa na kijana mwenye mbwembwe kumzidi mlimani hapa. Mimi ndiye niliyempatia kazi pale gereji. Kazi yake ilikuwa kupeleka vipuri kwenye mashamba ya wazungu kwa pikipiki. Siku moja, ilikuwa Jumamosi, tairi lake la mbele lilipata pancha, akaniletea nimzibie upesi. Kesho yake ulikuwa ubatizwe wewe. Wageni walikuwa wameanza kufika nyumbani, na mimi sikuwa na akili nyingine isipokuwa kuondoka mjini mapema. Nikalitoa gurudumu, nikaziba, nikarudisha, nikakaza nati. Nikamwambia, "Haya, nenda."

Sikiliza hapa vizuri, maana hili ni la wewe kulijua. Ndani ya gurudumu la mbele kuna sahani ya breki. Ile sahani ina mfereji, na kwenye chuma cha uma wa mbele kuna kipande kilichotokeza. Ukirudisha gurudumu lazima kipande kile kiingie ndani ya mfereji, kiishike sahani isizunguke. Kisipoingia, gurudumu litakaa vizuri tu, litazunguka vizuri tu, na mtu hatajua lolote mpaka siku atakayobana breki kwa nguvu. Hapo sahani inazunguka pamoja na gurudumu, inajisokota na kila kitu, gurudumu linakwama, na aliyepanda anarushwa mbele.

Mimi sikutazama. Mzee Singasinga aliyenifundisha ufundi alinipiga kichwani kwa kipini cha bisibisi si chini ya mara kumi kwa ajili ya kipande kile. "Tia kidole, ondoa macho, tia kidole!" alikuwa akisema, maana macho yanadanganywa na grisi lakini kidole hakidanganywi. Siku ile sikutia kidole. Jioni ile, njiani kurudi nyumbani, tulimkuta Anaeli mtaroni, na mimi ndiye niliyefika kwanza, na niliona mara moja gurudumu lilivyokaa. Kabla watu wengine hawajafika nililegeza nati, nikairudisha sahani mahali pake. Halafu nikasema mbwa.

Jirani yetu wa kule chini ndiye aliyekuwa na mbwa mwenye tabia ya kukimbiza magari. Kwa aibu, mzee wa watu akampiga mbwa wake mpaka akafa, akaja kutupa pole huku analia. Nikazipokea pole zake. Ulibatizwa kesho yake kama ilivyopangwa, na kila aliyeniona ninalia kanisani alidhani ni furaha.

Sasa unaelewa ilivyokuwa kwangu. Nilipenda kuitengeneza ile pikipiki na wewe kuliko kitu chochote, lakini kila kipande kilichorudi mahali pake kilikusogeza karibu na ule mteremko. Ilipobaki magneto tu, nilishindwa. Nikajiambia ni kwa muda mfupi, mpaka masika yapite. Masika yakapita. Nikajiambia mpaka kahawa ivunwe. Nilikuwa naiita hofu yangu jina la mapenzi, na kila nilipoiita hivyo ilizidi kunenepa.

Aliyenikamata ni Anaeli mwenyewe. Alikuja mjini kuangaliwa mguu, akalala kwangu Kaloleni. Asubuhi akainama kutafuta beseni la kunawia, akavuta lile shati.

"Kaka, hiki nini?"

"Chuma cha kazini."

"Nimeendesha pikipiki miaka miwili mimi. Magneto naijua." Akaizungusha kwa kidole gumba, ikampiga shoti, akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka. "Mtoto anajua?"

"Hajui."

Akakaa kitandani, akaunyoosha mguu wake mbovu kwa mikono miwili kama anavyofanya. "Unaogopa asije akaanguka kama mimi."

Nikasema ndiyo. Na kwa kuwa alikuwa ametaja mwenyewe, maneno ya miaka yote hii yakanitoka kwa mara moja. Nikamwambia habari ya sahani na kipande na kwamba hapakuwa na mbwa. Sikuweza kumtazama. Nilitegemea anipige kwa fimbo, na kusema kweli nilitaka anipige.

"Najua hapakuwa na mbwa," akasema. "Niliyeanguka si mimi? Nilikuwa nimelala mtaroni, gurudumu liko mbele ya macho yangu. Nilikuona ukilegeza nati."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha spana. Nakujua. Ungerudi kulima na kuomboleza, na watoto wangekula nini? Wangu na wako." Kisha akasema neno ambalo sitalisahau. "Mguu wangu uliuvunja kwa haraka tu, kaka. Lakini huyu mtoto unamvunja polepole, tena kwa makusudi. Hilo mimi sikusamehe mpaka uirudishe."

Nililia nimeugeukia ukuta. Jumamosi ile ile nikaja nyumbani na magneto mkononi, nikakuambia imetoka Nairobi, na wewe ukaibusu. Uliibusu, Elirehema, mbele ya mama yako. Unakumbuka ilivyowaka mara ya tatu, kuku wakaparamia migomba, mama yako akapiga vigelegele na sufuria mkononi. Nilikuwa na furaha kama wewe. Lakini nilisimama pembeni, nawe ukadhani nakuachia ushike usukani kwa heshima. Nilikuwa naona aibu kuigusa.

Na ukashangaa kwa nini baba mdogo alikuja na kigoda chake, akakaa mbele ya gurudumu la mbele, akatia kidole. Ulimtania, "Baba mdogo, nawe umekuwa fundi?" Akakujibu kwamba uzee unamfanya apende kushikashika vitu. Sasa unajua alichokuwa anakitafuta. Hata askari wa bomani aliyeikagua kabla ya kutupa namba hakutazama pale. Alipiga honi, akawasha taa, akaandika.

Kwa hiyo kesho, kabla hujawasha, nakuomba usiniamini. Sikuambii hivyo kwa kujinyenyekeza. Chukua spana uliyozoea, lala chini, tia kidole chako mwenyewe kwenye ule mfereji. Ukifika Makuyuni tia tena. Fundi yeyote atakayeligusa gurudumu lile huko Babati, hata akiwa mzee mwenye mvi na sifa tele, akishamaliza tia kidole mbele yake. Akiudhika, mwache audhike. Natamani Anaeli angenitilia mashaka siku ile, lakini alinipenda mno hata hakunitilia.

Na mimi usinipende hivyo. Nimekaa na jambo hili tangu ulipopata barua ya kazi ya msaidizi wa bwana shamba. Nilifikiri ningekaa kimya, uende na moyo mweupe, unikumbuke kama baba aliyekusagia valvu. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini ungekwenda Babati ukiamini kwamba kazi ile ya kwanza ulinyimwa na Mungu, na mtu akiamini hivyo anaanza kuomba vitu vidogo. Hukunyimwa. Walikutaka na ulistahili, ila baba yako aliogopa. Kwa Anaeli nilikosa kwa haraka. Kwako nilipata mwaka mmoja na miezi miwili ya kufikiri, na nikaendelea. Mama yako hajui. Nitamwambia mwenyewe kesho, usibebe mzigo huo.

Bado jambo moja. Jioni hii kabla ya kula nilishuka mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikakata jani la isale. Unajua desturi yetu: aliyekukosea akikuletea jani lile amelifunga fundo, huna ruhusa ya kumkatalia. Utake usitake unasamehe, na wazee hawataki kusikia zaidi. Sijapata kuona baba akimpelekea mwanawe, lakini nilisema liwalo na liwe. Nikaingia nalo kibandani, nikalifunga kwenye usukani ulikute asubuhi, nikarudi nyuma kulitazama. Halafu nikalifungua. Nilikwisha kukuamulia mambo yako mara moja bila kukuuliza, na jani lile lingekuwa mara ya pili. Nimelirudisha mpakani nikaliacha huko.

Barua hii naiweka juu ya kiti cha pikipiki. Ukishaisoma, ukaona huwezi kuja kuniaga, washa tu uende. Nitasikia injini ikishuka hadi njia panda, nitajua inawaka vizuri, wala sitamtuma mtu kukufuata. Ukiona unaweza, gonga mlango wangu. Huna haja ya kugonga kwa nguvu. Nimekaa hapa karibu nao, nimeshavaa viatu.

Baba yako